Nane na nane zilipokuwa kumi: kikokotoo cha mjukuu wangu

Ijumaa moja hapa Muscat, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala, mjukuu wangu alinijia sebuleni na laptopu mkononi.

"Babu, hujalala? Nane na nane ni ngapi?"

"Kumi na sita," nikamjibu. "Kwani zimepungua?"

Hakucheka. Akanigeuzia skrini nikaona mwenyewe. Nane na nane zimetoa 10.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, kwanza Mombasa kisha hapa Oman, na majibu ya ajabu nimeyaona mengi. Lakini hayo yalikuwa ya watoto. Mashine kushindwa na jumla ya darasa la kwanza, wallahi sikuwahi kuona. Kumbe ile haikuwa mashine. Ilikuwa programu aliyoiandika yeye mwenyewe, binti wa miaka 17, ili kivinjari cha intaneti kijigeuze kikokotoo cha grafu. Programu ya namna hiyo wao wanaiita emuleta.

Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu wa Ghuba kwa sababu mbili. Ya kwanza, vikokotoo hivi tunavinunua kila mwaka wa shule na wengi wetu hatujui tunanunua nini. Ya pili, ndani ya kazi ile ya mtoto liliingia suala la haki ya mtu, na lilitufanya mimi na yeye tusizungumze vizuri siku tatu.

Kikokotoo kimoja, watoto wawili

Kikokotoo cha kawaida hukupa namba. Cha grafu hukuchorea. Unaandika mlinganyo, kinakuchorea umbo lake kwenye skrini, na ukitaka kujua mstari unakata wapi, unakiuliza. Cha kwanza kuuzwa madukani kilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments wakaingia na TI-81 mwaka 1990, na TI-83 Plus ikatoka 1999. Leo mtoto anayesoma hesabu za IB lazima awe na kikokotoo cha grafu, na lile somo la Cambridge IGCSE linaloitwa International Mathematics, namba 0607, nalo linakitaka. Kipya bei yake mara nyingi inapita dola 100. Nyumba yenye wanafunzi watatu, piga hesabu mwenyewe.

Enzi zetu hayo hayakuwapo. Mimi nilisoma sekondari ya misheni, mtoto wa Kiarabu wa Mji wa Kale katikati ya mapadri. Kikokotoo chetu kilikuwa kitabu cha logi, kurasa zimelegea kwa kufunguliwa na mikono ya watoto wa miaka yote iliyopita. Grafu tulichora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, nukta baada ya nukta. Padri aliyetufundisha hesabu alikuwa na neno moja tu: onyesha njia. Ukileta jibu sahihi bila njia, alikupa alama moja, akakuangalia kama mtu aliyekukuta na pochi ya mwenzio.

Sasa, mama wa huyu mjukuu wangu alisoma Marekani, na kutoka huko alirudi na TI-83 Plus yake. Mpaka leo inafanya kazi, ipo kabatini ndani ya mfuko wake. Mjomba wake huyu binti, yaani mwanangu wa kiume, yupo Mombasa, na kijana wake anajiandaa kwa mtihani wa SAT apate kuomba nafasi na ufadhili wa chuo huko huko Marekani. Kitabu cha mazoezi alichoazimwa kimejaa maelekezo ya vitufe vya kikokotoo kile: bonyeza hapa, kisha hapa. Yeye hana. Baba yake mshahara anaujua mwenyewe unavyokwenda.

Ndipo binti akapata wazo. Kikokotoo ni kimoja, lakini kama angekiiga chote ndani ya kivinjari, mtoto wa mjomba wake angekifungua kwenye simu yake Mombasa bila kulipa kitu.

Kuiga sura na kuiga moyo

Nilidhani ni kazi ya kuchora vitufe. Akanicheka. "Hiyo ni kuiga sura, Babu. Mimi naiga moyo."

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya TI-83 Plus mna prosesa inayoitwa Z80. Ilitoka mwaka 1976, mimi nikiwa shule. Z80 haijui grafu wala sine wala kosine. Inajua amri ndogo ndogo tu: chukua namba hii, ijumlishe na ile, iweke pale, ruka uende kule. Kila amri ina namba yake. Grafu nzima unayoiona ni maelfu kwa maelfu ya amri hizo zikifuatana. Kwa hivyo anayeandika emuleta haandiki kikokotoo. Anaandika Z80 kwa maneno, kisha anaipa zile amri zenyewe zilizomo kwenye kikokotoo cha kweli, nayo inazitekeleza moja moja, kama mwanafunzi anayefuata hatua ubaoni.

Kumbukumbu yake nayo ina adabu zake. Z80 inaweza kuona baiti 65,536 tu kwa wakati mmoja, yaani kilobaiti 64. Lakini hazina ya kudumu ya kikokotoo kile ni kilobaiti 512. Vipi inasoma kitu kikubwa kuliko macho yake? Nilimwambia anieleze kama mtoto wa darasa la nne, akanieleza vizuri. Chukulia meza inayotosha madaftari manne, kila daftari kilobaiti 16. Kabatini yamo madaftari 32. Ukitaka la tisa, unaondoa moja mezani unaweka la tisa. Emuleta lazima ijue kila dakika ni madaftari gani yako mezani. Ikikosea daftari, inasoma amri za sine ikidhani ni za grafu, na kila kitu kinaparaganyika.

Skrini ni nukta 96 kwa 64. Jumla 6,144, na kila nukta ni biti moja, yaani baiti 768 tu. Picha moja ya harusi kwenye simu yako inazidi hapo mara maelfu. Vitufe navyo vina kituko chao: kilichobonyezwa husomeka 0 na kisichobonyezwa husomeka 1. Siku ya kwanza aliziweka kinyume, kikokotoo kikadhani mtu amekilalia kwa kiwiko.

Halafu kuna muda. Z80 ile inapiga midundo milioni sita kwa sekunde. Kivinjari huchora upya skrini kama mara 60 kwa sekunde, basi kila mchoro mmoja yeye huipa emuleta yake midundo laki moja, anachora, anaipa laki moja nyingine. Ukiiachia kompyuta ya leo ikimbie itakavyo, mshale unaopepesa kwenye skrini utakuwa kama taa ya ambulansi.

Jedwali la kujumlisha

Sasa turudi kwenye nane na nane. Alikuwa hajaingiza bado programu ya kiwandani. Alitaka kwanza kuhakikisha prosesa yake inahesabu sawa, basi akaandika programu yake ndogo, baiti sita tu. Kwa namna wanavyoziandika wao ni hivi: 3E 08 C6 08 27 76. Maana yake: shika 8, ongeza 8, rekebisha iwe desimali, simama. Ikatoka 10.

"Umejaribu ngapi?" nikamuuliza.

"Tano na tatu, na saba na tano. Zilitoka sawa."

Nikamwambia kile nilichowaambia wanafunzi maisha yangu yote: usijaribu mbili tatu ukaridhika. Pita jedwali zima, moja na moja mpaka tisa na tisa. Jumla zenyewe ni 81. Yeye akaibadilisha programu ikazifanya zote, mimi nikawa na kalamu na karatasi.

Sabini na tano zilikuwa sahihi. Sita zilikuwa na kosa: 7 na 9, 8 na 8, 9 na 7, 8 na 9, 9 na 8, na 9 na 9. Kumi na sita ikatoka 10, kumi na saba ikatoka 11, kumi na nane ikatoka 12. Nikaziangalia. Jumla zote za mpaka kumi na tano ni nzima. Kuanzia kumi na sita, kila moja imepungukiwa sita kamili.

"Mama," nikamwambia, "mashine yako inajua kubeba kwenye kumi. Ikifika kumi na sita inasahau."

Akanyamaza, kisha akapiga paji la uso. "Bendera ya nusu!"

Hapa mniwie radhi niseme kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo. Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na sehemu za desimali huziwia ngumu. Ukiiambia JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu 0.30000000000000004. Mhasibu atakufukuza. TI-83 Plus inakwepa hilo kwa kuweka namba kwa tarakimu za desimali, mpaka tarakimu 14, kila tarakimu ndani ya nusu baiti. Nusu baiti ina nafasi ya 0 mpaka 15. Saba na tano zikifanya 12, ile nusu imebeba 12, imezidi 9, basi amri ya kurekebisha inaongeza 6 na linatoka 1 na 2. Sawa. Lakini nane na nane ni 16, na 16 haitoshi kwenye nusu baiti. Inafurika: nusu ya chini inabaki 0, moja inahamia juu. Ukitazama unaona 1 na 0, mfano wa kumi safi, hakuna cha kurekebisha. Kitu pekee kinachosema "hapa palifurika" ni bendera moja ndogo ndani ya prosesa. Bendera ile hakuna amri nyingine inayoiuliza isipokuwa hiyo ya kurekebisha desimali. Kwa hivyo ni rahisi mtu kuisahau. Yeye aliisahau.

Aliandika mistari miwili. Jumla 81, zote sahihi. Nilimpa alama zote nne, kwa sababu njia niliiona.

Siku tatu za ukimya

Wiki ya pili akaingiza programu ya kiwandani, ile inayokuja ndani ya kikokotoo tangu dukani, aliyoivuta kutoka kwenye kikokotoo cha mama yake kwa waya. Mshale mweusi ukaanza kupepesa kwenye kivinjari. Akaandika x mraba toa 4, na ule mviringo wa bakuli ukajichora polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo ule ule wa kikokotoo cha kweli. Mama yake alisimama mlangoni akaguswa. Alisema amerudishwa bwenini.

Usiku ule ujumbe wa sauti ukaja kutoka Mombasa. "Dada, nitumie basi, na lile faili pia. Nimebakiwa na wiki sita."

Nikauliza lile faili ni lipi. Ni programu ya kiwandani. Nikauliza ni ya nani. Akasema ya Mama. Nikasema kikokotoo ni cha Mama. Programu ina hakimiliki ya walioiandika. Mama yako alinunua kifaa kimoja na matumizi yake. Hakununua ruhusa ya kugawa nakala.

"Babu, hizi ni namba tu."

"Na kitabu ni wino tu?"

Hapo akanipiga mahali nisipotarajia. "Babu, si wewe uliyetuambia ulikipiga kopi kitabu kizima cha hesabu kwa darasa lako Mombasa? Kila mtoto akapata?"

Ni kweli. Niliwahi kusimulia hilo kwa kujisifu, kwenye meza ya kahawa. Kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi arubaini, mashine ya kopi ya ofisi ya rafiki yangu, usiku. Watoto wale walifaulu na baadhi yao leo ni wahandisi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia akalale, na mimi nikajifanya nalala.

Siku tatu alinipa salamu na chai, basi. Na mimi nilikuwa nikijiuliza kama namtetea mwenye haki au naitetea heshima yangu. Mtoto wa Mombasa ni mjukuu wangu vile vile. Ningependa nani akose?

Siku ya nne nilimwita. Nikamwambia: "Lile la kopi nilikosea kulisimulia kama ushujaa. Haja ilikuwa ya kweli na haki ya mtu ilikuwa ya kweli, nami niliitazama moja tu. Sitaki urithi kosa langu kwa sababu tu lilizaa matunda. Lakini pia sitaki umwache ndugu yako. Tutafute njia ya tatu kwanza."

Alikuwa naye ameshatafuta, kumbe. Akaniambia hata waandishi wakubwa wa mambo haya wanafanya hivyo hivyo. Christopher Mitchell wa Marekani aliandika jsTIfied, emuleta ya kwenye kivinjari kwa vikokotoo vya Texas Instruments, na anayeitumia hutakiwa kuleta programu ya kiwandani kutoka kwenye kikokotoo chake mwenyewe. Emuleta ni jasho la aliyeiandika, anaweza kuigawa. Kilichomo ndani si chake.

Tulipousoma mtihani wenyewe

Kisha tukafanya jambo ambalo tungelifanya siku ya kwanza: tukasoma kanuni za mtihani wa kijana. SAT sasa inafanywa kwa kompyuta, nje ya Marekani tangu Machi 2023 na Marekani kwenyewe tangu Machi 2024. Inafanyiwa ndani ya programu inayoitwa Bluebook, na humo humo, sehemu yote ya hesabu, mtahiniwa amewekewa kikokotoo cha grafu cha Desmos. Hakilipiwi. Kijana alikuwa akihangaikia vitufe vya kifaa ambacho mtihani wake haumlazimishi kuwa nacho. Ruhusa ya kuja na chake ipo, lakini si sharti.

Tukampigia. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hivyo kitabu changu ni cha zamani?" Hesabu zake si za zamani, nikamwambia. Vitufe ndivyo vya zamani. Bluebook haiendi kwenye simu, inataka laptopu au iPad, basi baba yake akamwombea mwalimu laptopu ya shule kwa jioni za Jumamosi. Mitihani ya mazoezi imo humo humo bure. Siku za kawaida anafanyia Desmos kwenye kivinjari cha simu.

Wazazi, hayo ndiyo ninayotaka muyachukue. Kabla ya kutoa pesa, iulize shule mambo mawili: mtoto atafanya mtihani gani, na mtihani huo unaruhusu aina gani ya kikokotoo. Kwa IB hakuna ujanja, atahitaji kifaa chenyewe mkononi, kinachoweza kuwekwa kwenye hali ya mtihani, na emuleta ya kwenye simu au laptopu haiingii chumba cha mtihani wa karatasi. Basi azoee vitufe vyake mapema. Kwa mazoezi ya nyumbani viko vya bure na vya halali. Desmos ipo tangu 2011. GeoGebra ipo. NumWorks, kampuni ya Ufaransa iliyoanza kuuza kikokotoo chake mwaka 2017, imekiweka chote kwenye kivinjari, unabonyeza vitufe vile vile, na ni wao wenyewe waliokiweka.

Na mtoto wako akitaka kuandika emuleta, mwache. Mjukuu wangu amejifunza ndani ya wiki zile mambo ambayo mimi sikuweza kuyafundisha kwa chaki: kwa nini namba hubebwa, kwa nini tunahesabu kwa kumi, na kwamba jibu linaloonekana safi laweza kuwa limefurika ndani.

Likizo hii mama yake alikwenda Mombasa. Alikifunga kile kikokotoo ndani ya kanga akampelekea kijana, kiwe chake kabisa, maana masomo yapo hata baada ya SAT. Usiku wa kuamkia safari binti alikuja chumbani kwangu na laptopu. Akanionyesha lile faili la programu ya kiwandani, akalifuta mbele yangu. "Kifaa kinaondoka, Babu. Na nakala yake inaondoka."

Emuleta imebaki. Sasa haina cha kiwandani ndani yake, ina programu alizoziandika mwenyewe, na ya kwanza ni ile ya baiti sita. Hiyo alimtumia kaka yake wa Mombasa bila kuniuliza, na hakuwa na haja ya kuniuliza.

Juzi kijana amenitumia picha ya skrini ya simu yake. Tisa na tisa, 18. Chini yake ameandika: "Imebeba, Babu."